Dawa ya nikotini ya kupuliza puani: namna ya kuitumia hadi sigara iachike

Hapa Kisumu si kila duka la dawa lina chupa ya nikotini ya kupuliza puani, na wengi wanaoniletea yao niwaeleze matumizi huwa wameletewa na jamaa anayeishi ng'ambo, au wameandikiwa na daktari wakaiagiza. Karibu wote huja na lalamiko moja: waliipuliza siku ya kwanza, pua ikawaka, machozi yakawatoka, wakaifunika na kuirudia sigara. Wengine waliivumilia, ila waliitumia mara tatu au nne kwa siku kwa kuogopa kuzidisha, kisha wakaamua kwamba haifanyi kazi. Jambo hili hunisikitisha, kwa sababu hii ni dawa iliyopimwa kwa miaka mingi na inaweza kumtoa mtu kwenye sigara, mradi ajue kwamba mwasho wa wiki ya kwanza hupungua, na kwamba dozi anayoiogopa ndiyo hasa anayoihitaji.

Dawa yenyewe na kazi yake

Nikotini ndiyo inayomfunga mvutaji, lakini kinachomuua ni moshi. Tumbaku inapoungua hutoa lami, gesi ya kaboni monoksidi na kemikali nyingi zinazosababisha saratani. Michael Russell, daktari aliyewatibu wavutaji jijini London, aliandika mwaka wa 1976 kwamba watu huvuta kwa ajili ya nikotini lakini huuawa na lami, na fikra hiyo ndiyo iliyobeba dawa zote zinazompa mvutaji nikotini bila moshi. Chingamu ilitangulia, ikiwa ni kazi ya Ove Fernö na wenzake mjini Helsingborg, Uswidi, na ikaidhinishwa Uswisi mwaka wa 1978. Plasta ya kubandika ngozini ilifuata, na mwaka wa 1996 dawa ya kupuliza puani ikaidhinishwa Marekani kwa jina la Nicotrol NS, iuzwe kwa cheti cha daktari.

Sifa yake kubwa ni kasi. Plasta huchukua saa kadhaa kabla nikotini haijafika kilele katika damu, na chingamu huchukua kama nusu saa. Dawa ya puani hufika kilele kati ya dakika 4 na 15, kwa kuwa ngozi laini ya ndani ya pua ina mishipa mingi ya damu iliyo karibu na uso wake. Bado haiifikii sigara, ambayo hupeleka nikotini kwenye ubongo kwa sekunde chache, lakini kwa mtu ambaye hamu humjia ghafla na kumkaba, tofauti ya dakika 10 na dakika 30 ndiyo tofauti ya kushinda hamu hiyo au kumwita mwenye kibanda amuuzie sigara.

Ushahidi wake ni mzuri. Mwaka wa 1992 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa London kwa wavutaji 227, ambapo nusu walipewa dawa hii na nusu wakapewa chupa isiyo na nikotini. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 26 ya waliopata nikotini walikuwa hawajavuta tena, ilhali kwa wenzao ilikuwa asilimia 10. Msomaji anaweza kuiona asilimia 26 kuwa ndogo. Naomba aikumbuke ile 10, kwa sababu hao nao walikuwa watu waliotaka kwa dhati kuacha, na walipata ushauri na usaidizi uleule.

Wasiofaa kuitumia, na wanaopaswa kumwona daktari kwanza

Mwenye pumu asiitumie, kwa kuwa inaweza kuubana mfumo wa hewa ambao tayari ni mwepesi kuwashwa. Vivyo hivyo mwenye vinyama puani, uvimbe wa muda mrefu wa sinasi (matundu ya hewa yaliyo usoni kandokando ya pua), au mzio unaomfanya apige chafya na kutokwa na kamasi kila mara. Mtu wa Nakuru anayejua kwamba vumbi la kiangazi humfunga pua kwa majuma mfululizo atafute aina nyingine ya nikotini, maana hii atateseka nayo bure.

Aliyepata mshtuko wa moyo katika majuma mawili yaliyopita, mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, au mwenye maumivu ya kifua yanayozidi, aamuliwe na daktari wake. Mwenye kisukari, vidonda vya tumbo, shinikizo la damu lisilodhibitiwa au tezi ya thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi aseme mapema. Mama mjamzito au anayenyonyesha asijiamulie peke yake, na kijana aliye chini ya miaka 18 asipewe.

Kuna jambo moja ambalo husahaulika hata kliniki. Moshi wa tumbaku hulifanya ini livunje baadhi ya dawa kwa kasi zaidi, zikiwemo theofilini inayotumiwa na baadhi ya wenye matatizo ya kifua, na klozapini na olanzapini zinazotumiwa katika matibabu ya akili. Mtu akiacha kuvuta, ini hupunguza kasi hiyo, na kiwango cha dawa katika damu hupanda ingawa hajaongeza hata kidonge kimoja. Nikotini ya puani haizuii hali hii, kwa kuwa chanzo chake ni moshi wenyewe. Anayemeza mojawapo ya dawa hizo amjulishe anayemtibu siku atakayoacha sigara, ili dozi ipimwe upya. Kahawa nayo hufuata kanuni hiyohiyo, na aliyezoea vikombe vingi anaweza kujikuta anatetemeka na kukosa usingizi, kisha akailaumu dawa ya pua kumbe ni kahawa.

Wanaotibiwa kifua kikuu nawataja kando, kwa sababu katika eneo letu la ziwa ni wengi, na uvutaji huongeza hatari ya kuugua ugonjwa huo na ya kufa kutokana nao. Wao wanakutana na mhudumu wa afya mara kwa mara, basi walitoe suala la sigara palepale kliniki na waombe msaada, bila kungoja kuulizwa.

Kabla ya siku ya kuacha

Jua unavuta sigara ngapi. Jambo hili linaonekana rahisi, lakini sheria ya Kenya ya udhibiti wa tumbaku ya mwaka wa 2007 inayotaka sigara ziuzwe katika pakiti zisizopungua 10 haijawazuia watu wetu kununua moja moja kibandani, na mwenye kununua moja moja huwa hajui hesabu yake. Nimemsikia mvuvi wa ufuo wa Dunga, hapa Kisumu, akisema kwa unyofu kabisa kwamba anavuta "tano tu", na tulipozipitia pamoja, kuanzia usiku majini akingoja omena zije kwenye taa hadi jioni ya siku iliyofuata, zikapita kumi na tano. Kwa siku tatu au nne andika kila sigara unapoiwasha, pamoja na saa. Hesabu hiyo itakuonyesha dozi ya kuanzia, na saa hizo zitakuonyesha ni wakati gani chupa inapaswa kuwa mfukoni.

Chagua siku ya kuacha ambayo hutaendesha gari wala pikipiki, na hutakuwa na mkutano wa kukukalisha mbele za watu. Siku mbili za kwanza utapiga chafya na kutokwa na machozi, na mtu anayelia machozi barabarani ni hatari kwake na kwa wengine. Dereva wa lori anayelala Salgaa, kituo cha malori barabarani, aanze siku za mapumziko nyumbani, na hata baada ya kuizoea asimamishe gari kwanza kila anapotaka kupuliza.

Siku hiyo ikifika, sigara ikome kabisa. Chupa hii haikutengenezwa ili iwe nyongeza ya pakiti, na anayepuliza huku anavuta hujirundikia nikotini hadi kichefuchefu kikampata.

Uliza bei mapema na upige hesabu ya muda wote wa matibabu. Chupa ya mililita 10 ina mipulizo 200 hivi, na dozi moja ni mipulizo miwili, kwa hiyo chupa ina dozi 100. Anayetumia dozi 15 kwa siku ataimaliza kwa takriban wiki moja. Kuishiwa katikati ya wiki ya pili ni njia ya hakika ya kurudi kwenye sigara, na ni heri kuanza na dawa nyingine ya bei nafuu utakayoimaliza kuliko hii utakayoikatiza. Hakikisha pia kwamba unanunua katika duka lililosajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, lenye leseni inayoonekana ukutani, na usinunue chupa isiyo na lakiri.

Namna ya kupuliza

Wengi wetu tulilelewa karibu na mzee aliyenusa ugoro, na mkono umekwisha kujifunza: unaweka puani, unavuta kwa nguvu. Kwa dawa hii hilo ndilo kosa kubwa. Ugoro ni tumbaku yenyewe, na dawa hii haina tumbaku ndani yake. Tena ugoro hunuswa, na dawa hii hainuswi. Ukiivuta, dawa hupita pua na kushuka kooni, ambako huchoma vibaya, huleta kikohozi, na sehemu kubwa humezwa na kupotea tumboni. Inapaswa kubaki kwenye kuta za ndani za pua, kwani hapo ndipo inapoingia katika damu.

Penga kamasi kwanza ikiwa pua si safi, kisha nawa mikono. Ondoa kifuniko. Ikiwa chupa ni mpya, shika kitambaa au karatasi laini mbele ya ncha na ubonyeze pampu mara sita hadi nane, mpaka mvuke laini utoke. Kabla ya hapo hutoka hewa tu au matone, na mtu asiyejua hujipuliza hewa akadhani amepata dozi. Chupa isipotumika kwa saa 24, bonyeza tena mara moja au mbili kwenye kitambaa. Usizidishe kubonyeza, kwa sababu kila mbonyezo ni dawa iliyopotea.

Inua kichwa kidogo nyuma, kidogo tu. Ingiza ncha ndani ya tundu la pua kadiri isivyokuumiza, ukiielekeza kwenye ukuta wa nje wa pua, upande wa jicho, usiielekeze kwenye mfupa wa katikati. Pumua kwa mdomo. Ukiwa bado unapumua kwa mdomo, bonyeza mara moja kwa nguvu na kwa haraka, kisha toa ncha. Rudia kwa tundu la pili. Hiyo ndiyo dozi moja: mpulizo mmoja kila tundu, kila mpulizo ukiwa na nusu miligramu ya nikotini, jumla miligramu moja, na mwili hupokea kama nusu yake.

Ikiwa kamasi zitaanza kuteremka, vuta pole tu kiasi cha kuzizuia zisidondoke, na usipenge hadi zipite dakika mbili au tatu. Futa ncha kwa kitambaa safi, funika chupa, nawa mikono tena. Dawa ikikuingia jichoni au mdomoni, osha mara moja kwa maji mengi.

Dozi, mahali ambapo wengi hukosea

Anza na dozi moja au mbili kwa kila saa uliyo macho. Mvutaji wa sigara chache aanze na moja. Aliyekuwa akimaliza pakiti aanze na mbili. Katika siku za mwanzo usishuke chini ya dozi 8 kwa siku, hata kama unahisi unaweza, kwa sababu chini ya hapo dawa haileti nafuu inayotosha na hamu itakusubiri jioni. Mpaka wa juu ni dozi 5 katika saa moja na dozi 40 kwa siku. Baina ya 8 na 40 kuna nafasi kubwa, na nafasi hiyo imeachwa makusudi ili kila mtu ajipimie kwa hali yake.

Ninawaona watu wakiwa wabahili na dawa hii kwa sababu ya neno nikotini. Mtu yuleyule aliyekuwa akivuta sigara 20 bila kuhesabu hukaa na chupa mfukoni akijizuia, akijiambia kwamba atakuwa mraibu wa dawa. Naelewa hofu hiyo, na nitaizungumzia chini. Lakini majuma mawili ya kwanza si wakati wa kujinyima. Jipime kwa dalili: ukiwa na hasira isiyo na sababu, ukikosa utulivu, ukishindwa kukaza akili, ukifikiria sigara muda wote, dozi ni ndogo, ongeza. Ukihisi kichefuchefu, jasho baridi, kizunguzungu, mate mengi au moyo kwenda mbio, dozi ni kubwa, punguza. Dalili hizi za pili zikiwa kali, au zikija pamoja na kutapika na kuchanganyikiwa, acha dawa na uende hospitali.

Usingoje hamu ikomae. Tazama ile orodha ya saa ulizoandika. Ikiwa sigara ya kwanza ilikuwa baada ya chai ya asubuhi, puliza chai ikiwa bado inamiminwa, kwa kuwa dawa inahitaji hizo dakika zake ili ifike. Vivyo hivyo kabla ya kukaa na marafiki wanaovuta, au kabla ya kuingia zamu.

Wiki ya kwanza

Mzee mmoja alinirudishia chupa siku ya pili na kuiweka kwenye kaunta.

"Daktari, hii kitu inachoma kama pilipili."

"Inachoma, mzee wangu, nilikwambia itachoma. Umeitumia mara ngapi?"

"Jana mara mbili. Leo nimekataa."

Tulikubaliana kwamba airudie kila saa kwa siku tano zaidi, akiwa amekaa nyumbani, na nikamwonyesha tena namna ya kupumua kwa mdomo, maana alikuwa akiinusa. Namtaja kwa sababu hali yake ndiyo ya kawaida. Katika majaribio, asilimia 94 ya watumiaji walipata mwasho wa wastani au mkali wa pua katika siku mbili za kwanza. Baada ya majuma matatu asilimia 81 bado walikuwa na mwasho, lakini sasa walioueleza waliuita mdogo au wa wastani. Sitaki kumdanganya mtu kwamba unaisha kabisa. Unapungua hadi kuwa kitu unachoweza kuishi nacho, na unapungua kwa sharti kwamba unaitumia mara kwa mara. Anayeipumzisha siku mbili huanza upya. Kikohozi, koo kuwasha, chafya na machozi huambatana nao na hupungua kwa mtindo huohuo. Damu ikitoka puani mara kwa mara, au ukapata vidonda, mwone mhudumu wa afya.

Katika wiki hiyohiyo mwili unapigana na ukosefu wa sigara, na dalili zake huwa kali zaidi katika siku za mwanzo, kisha hulegea polepole kwa majuma mawili hadi manne. Usingizi unaweza kuharibika na hamu ya chakula ikaongezeka. Haya si madhara ya dawa, na kuikatiza kutayazidisha.

Ukipata mafua, fahamu kwamba pua iliyovimba hupokea nikotini kidogo na kwa kuchelewa, na dawa za matone za kuzibua pua hubana mishipa ya damu na kuichelewesha zaidi. Siku hizo chingamu ya nikotini inaweza kukusaidia badala yake.

Kuiunganisha na plasta

Kwa mvutaji mzito, hili ndilo pendekezo langu la kwanza kwa daktari wake. Plasta hutoa nikotini ya chinichini siku nzima, na dawa ya puani hukabili hamu inayoruka ghafla. Utafiti wa Iceland uliochapishwa mwaka wa 1999, uliohusisha wavutaji 237, uliwapa wote plasta, kisha nusu wakaongezewa dawa ya puani yenye nikotini na nusu wakapewa isiyo nayo. Mwaka mmoja baadaye asilimia 27 ya kundi la kwanza walikuwa wameacha, dhidi ya asilimia 11 ya kundi la pili. Hata baada ya miaka sita tofauti ilikuwa bado inaonekana, asilimia 16 kwa 9. Anayetumia zote mbili atahitaji mipulizo michache zaidi, na daktari ndiye ampangie kiasi.

Kuishusha na kuimaliza

Tumia dozi inayokutosha kwa majuma 8, kisha ishushe kwa majuma 4 hadi 6 mpaka uimalize. Hofu ya uraibu niliyoitaja ina msingi: kwa kuwa dawa hii hufika haraka, inaweza kumzoesha mtu kuliko plasta, na katika majaribio kati ya asilimia 15 na 20 ya watumiaji waliendelea nayo kupita muda uliopendekezwa. Kinga yake ni kuandika tarehe ya mwisho siku ile ile unayoanza, na kumpa mtu mwingine tarehe hiyo, mke, mume au kaka, anayeweza kukuuliza bila woga.

Njia za kushusha ni kadhaa, na mtu achague inayomfaa. Unaweza kupuliza tundu moja tu badala ya mawili, ukapata nusu dozi. Unaweza kuruka saa moja kila baada ya saa moja. Inayowafaa wengi, kwa maoni yangu, ni kuandika idadi ya dozi za kila siku na kujiwekea kikomo kipya kila wiki, kidogo kuliko cha wiki iliyopita, kwa kuwa mtu anaona namba ikishuka kwa mwandiko wake mwenyewe. Dozi ya mwisho kuondoka iwe ile ya saa ngumu zaidi katika orodha yako.

Ukiteleza ukavuta sigara moja, endelea na dawa na uanze tena saa hiyohiyo. Lakini ikiwa wiki ya nne imefika na bado unavuta kila siku, simamisha dawa, rudi kwa aliyekuandikia, na mpange upya kwa njia nyingine. Piga pia namba 1192, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, uzungumze na mshauri. Dawa inayoambatana na ushauri hufanya kazi vizuri zaidi kuliko dawa peke yake.

Ikikosekana

Usiiahirishe siku ya kuacha kwa sababu chupa hii haipatikani. Shirika la Afya Duniani liliingiza chingamu na plasta za nikotini kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka wa 2009, na mwongozo wake wa mwaka wa 2024 unapendekeza nikotini tiba (yaani dawa za nikotini kama hizi), pamoja na vidonge vya vareniklini, bupropioni na sitisini. Plasta pamoja na chingamu hufanya kazi inayofanana na ile ya plasta pamoja na dawa ya pua, kwa kasi ndogo kidogo. Chingamu hiyo haitafunwi kama ya dukani: itafune polepole hadi uhisi ukali, iweke baina ya shavu na ufizi mpaka ukali upungue, kisha itafune tena, kwa muda wa nusu saa hivi, na usinywe chai, kahawa wala soda dakika 15 kabla yake. Vifuko vya nikotini na sigara za kielektroniki zinazouzwa madukani usivihesabu kuwa badala ya dawa hizi.

Kuihifadhi

Chupa ni ya glasi na ina nikotini nyingi, kiasi cha kumdhuru vibaya mtoto mdogo au hata kumuua. Iweke juu, palipofungwa, na usiiache mkobani ambapo mtoto hutafuta peremende. Mtoto akiinywa au akijipuliza, mkimbize hospitali na uichukue chupa uende nayo. Joto lisizidi nyuzi 30, kwa hiyo katika jua la Kisumu isikae kwenye dashibodi ya gari wala karibu na mabati. Ikivunjika, vaa glavu za mpira, futa mara moja kwa kitambaa, kisha osha sakafu, kwa kuwa nikotini hupenya kwenye ngozi. Chupa iliyoisha bado ina mabaki, na haifai kutupwa kwenye jalala ambako watoto huokota vitu. Ifunike vizuri na umrudishie mfamasia aiteketeze pamoja na taka nyingine za dawa.